Chiriku wa Marijani na Mgeni Asiyeshiba

Wapokezi wa habari wamesimulia, nami sikuwapo wala sitajifanya nilikuwapo, ya kwamba katika mji mkuu wa Marijani, ulio ng'ambo ya bahari, mji wa kuba za shaba na milango ya pembe na madaraja yanayojigeuza yenyewe kupisha merikebu, alitawala sultani mwenye satwa na hashima, jina lake Ghalibu bin Dhulfikari, na katika mji ule wote hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwambia mwenziwe neno "karibu."

Usicheke. Sababu ilikuwapo, na nitaisema sasa hivi, maana siipendi hadithi inayozunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Kabla hajapata kiti, Ghalibu alifukuzwa na ndugu zake, akatangatanga na mkewe mgonjwa na binti yao mchanga, na katika dhiki ile akamkumbuka rafiki mmoja ambaye kila walipokutana alikuwa akimwambia, "Nyumba yangu ni nyumba yako, njoo saa yoyote." Akaenda, na mvua inanyesha, akabisha hodi, na rafiki yake akachungulia dirishani akamwona, akashusha pazia. Yule mke akafia kizingitini. Basi Ghalibu alipoupata ufalme akaapa kuwa uongo wa namna ile hautasemwa tena katika ardhi yake, na kwa kuwa alikuwa na pete ya yakuti yenye kumtiisha jinni aitwaye Kaimuri, alimwamuru akasema:

"Zunguka mjini mchana kutwa katika sura ya mzee maskini, na kila atakayekukaribisha, kubali. Ukiona neno lake ni la mdomo tu, mgeuze ndege, awe akilisema neno lake hilo hilo mpaka wewe mgeni utakaposhiba na kutosheka. Na jua likizama siku hiyo, awe amekwisha wasahau watu wake."

Na jinni hakushiba kamwe. Watu wenye ndege majumbani walichinja ng'ombe, wakapika mchele pishi juu ya pishi, wakamwandikia vyakula na wao wamesimama kando wanatetemeka, naye akala vyote, akaramba vidole, akauliza, "Hakuna kingine?" Basi ndege wakazidi na midomo ikafungwa, na watu wa Marijani wakawa wanakula nyuma ya mapazia, mlango wameupa kisogo.

Sasa upande huu wa bahari, katika mji mdogo wa Mkunguni, alikuwako mjane aitwaye Bi Mwanamkasi, na kwa ukarimu wa ulimi hapakuwa na wa kumpita. Akila, kila mpita njia ataitwa, awe shekhe, awe mchukuzi, awe mtu aliyegombana naye asubuhi. Na kwa watu wa Mkunguni jambo hilo halina lawama, kwani kila ajuaye adabu akipita penye chakula akaambiwa karibu, hujibu, "Starehe, nishakula," akaenda zake, na hata tonge moja halikupungua.

Mwanawe, Msellem, alikuwa fundi wa makubadhi na alikuwa kinyume chake. Mtu akimletea mguu mpana na kutaka kiatu chembamba, humwambia, "Kapunguze mguu, kiatu hakina kosa." Mamake alikuwa akiona haya. "Mwanangu," alizoea kumwambia, "mdomo wako ni shoka."

"Shoka linapasua kuni, mama. Pamba haipasui kitu."

Tena hakuwa na utulivu. Kutwa alikaa juu ya kigoda akiwashonea wenziwe viatu vya safari, na nyayo zake mwenyewe zikimwasha kama zimepakwa upupu. Kwa hiyo Bi Mwanamkasi alipotamani kwenda kumtazama mdogo wake, Bi Salha, aliyeolewa Marijani tangu ujana, Msellem alifunga mkoba wake wa kazi kabla mama hajamaliza kusema. Wakasafiri, wakafika, na habari za safari hazituhusu.

Bi Salha aliwapokea mlangoni kwa machozi, akamkumbatia dadake na kumbusu, lakini neno lile halikumtoka. Alisema tu, "Ingieni." Na walipokuwa ndani akafunga mlango akawaeleza sheria, na pete, na ndege. Bi Mwanamkasi akapiga kofi.

"Ati nisiseme karibu? Salha, mdogo wangu, uliolewa na watu au uliolewa na mawe?"

"Dada, uma ulimi. Nakuomba kwa jina la mama aliyetuzaa."

Na tangu siku hiyo ikawa kazi ni kuamkia jamaa. Leo kwa wifi, kesho kwa mashemeji, kesho kutwa kwa ami yake mume ambaye hasikii, na kila nyumba ni pazia na kahawa na kunyamaza. Msellem alikuwa akisikia mji ukinguruma nje, madaraja yakigeuka, watu wakinadi bidhaa, na yeye amekaa juu ya zulia na magoti yanacheza. Mwishowe akasimama katikati ya ukumbi wa watu.

"Mama mdogo, samahani, lakini mimi nimevuka bahari kuja kutazama dari? Dari hata kwetu tunazo."

"Msellem!" akafoka mamake.

"Nimeviona viatu vya watu mlangoni zaidi kuliko nilivyouona mji. Naenda."

"Basi twende wote," akasema Bi Mwanamkasi, "maana nikikuachia peke yako na ulimi huo, utarudi huna meno."

Bi Salha akawatilia kikapuni mikate ya mofa na samaki wa kupaka, akawausia, "Mkila, jifunikeni shuka," na akabaki mlangoni akiwatazama mpaka walipopinda kona.

Na Marijani, nisiseme uongo, ulikuwa mji. Waliiona saa ya maji yenye majogoo ya shaba, na kila maji yakijaa jogoo mmoja hunyosha shingo akawika kwa sauti ya mtu. Walipita mtaa wa wauza manukato, na hewa yake ilikuwa nzito hata nguo zao zikanukia bila kununua kitu, na wakaona daraja likijipindua kama mtu anayejigeuza kitandani. Msellem alikuwa akienda kama anayefukuzwa, hajamaliza kutazama hiki ameshakimbilia kile, na mama nyuma yake anahema, "Taratibu, mwanangu! Mimi si farasi wa mashindano!" Na juu ya kila mlango lilining'inia tundu, na ndani ya kila tundu mlikuwa na ndege, wakisema kwa sauti za binadamu, "Nakuja sasa hivi!" "Kaa tu, chakula kingi!" "Nyumba ni yako!" Chini yao watu walipita kimya, wamefunika nyuso.

Mchana ulipofika wakakaa juu ya ngazi pana za mawe meupe, karibu na ukuta wa bandari, na Bi Mwanamkasi akafungua kikapu. Shuka alikuwa nayo begani. Lakini mkono wa mazoea hauiulizi akili, na wakati ule ule akapita mzee mmoja mwenye kanzu iliyochakaa, akiburuta kubadhi bovu, na kabla Msellem hajameza tonge la kwanza akamsikia mamake akisema kwa sauti tamu kabisa:

"Karibu, baba, chakula!"

Yule mzee akasimama. Hakusema starehe, wala hakusema nishakula. Alisema, "Ahsante, mwanangu," akakaa, akavuta kikapu, akaanza kula. Alikula samaki na miiba yake, na mikate mmoja baada ya mmoja, na Bi Mwanamkasi ameurudisha mkono wake mapajani, anatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu mbele ya wakwe. Msellem aliupenyeza mkate wake mkobani, chini ya nyundo na sindano za kushonea, akamkazia macho.

"Chakula kitamu," akasema mzee. "Na huko kwenu nako, nikija?"

"Aa, baba!" akasema Bi Mwanamkasi, na ulimi wake ulikuwa umeshashika njia, haukamatiki. "Kwetu ni kwako! Njoo, kaa utakavyo!"

"Basi twende leo."

Bi Mwanamkasi akajitanda kanga. "Leo, baba... unajua leo... labda siku nyingine, inshallah."

Yule mzee akainama kwa huzuni, wala si kwa hasira, akampuliza usoni. Na pale alipokuwa amekaa mama mtu mzima na kanga zake, pakawa na chiriku mdogo wa manjano, ananyanyua mbawa na kupiga kelele, "Kwetu ni kwako! Kaa utakavyo! Kwetu ni kwako!"

Msellem akamrukia mzee akamkamata ukosi. "Mrudishe mama yangu! Mrudishe, wallahi nitakuvunja!"

Na yule mzee akarefuka mpaka kivuli chake kikazifunika ngazi zote, na macho yake yakawaka kama makaa yaliyopulizwa, na sauti ikatoka kama mlango wa ngome unaofungwa: "Mimi ni Kaimuri, mtumwa wa pete. Unajua unayemshika?"

"Namshika mtu aliyekula chakula changu," akajibu Msellem, na mkono hakuuachia. "Refuka utakavyo."

Jinni akamtazama, kisha akarudi kuwa mzee. "Wewe hunipendi," akasema.

"Sikupendi hata kidogo. Wala mimi sikukukaribisha."

"Hilo ni neno la kweli la kwanza kuambiwa katika mji huu kwa miaka mingi." Akaketi chini tena. "Sikia basi, kijana. Atarudi mtu siku nitakaposhiba, na jua likizama leo atakuwa hakujui. Nami si mwenye kuifungua sheria. Amri iko kwa mwenye pete."

"Basi nipeleke kwa mwenye pete. Simama! Jua halikungoji wewe."

Wakaondoka, chiriku amekaa begani mwa mwanawe amejibana shingoni. Msellem alikuwa akienda mbio, na jinni nyuma yake, kwa kuwa alikuwa amefungwa katika miguu ya kizee, anaburuta kile kiatu, kwarakwara, kwarakwara juu ya mawe. Walipovuka daraja la kwanza fundi akashindwa kuvumilia.

"Lete mguu!"

"Wa nini?"

"Gidamu ya kidoleni imekatika, na kisigino kimeliwa upande mmoja. Mimi siwezi kutembea na mtu anayekoroma kwa miguu. Lete!"

Akapiga goti pale darajani, watu wanapita wanakodoa macho, akatoa sindano na uzi wa nta, akashona huku anatukana fundi wa kwanza. Aliuona unyayo wa yule mzee, umepasuka nyufa kama ardhi ya kiangazi. Kisha akakata kipande cha ngozi laini mkobani akakiweka ndani.

"Umeanza lini kutembea?"

"Tangu pete ilipovaliwa."

"Na hupumziki?"

"Hapana aliyeniambia pumzika."

Msellem akakata uzi kwa meno, akasema, "Vaa, twende," kwa ukali kuliko alivyokusudia.

Basi wakafika katika kasri la Sultani, na walinzi walipomwona Kaimuri wakajitupa kando kama nyasi, na milango ikafunguka mlango baada ya mlango, mpaka wakasimama mbele ya Ghalibu bin Dhulfikari, ameketi peke yake juu ya kiti cha fedha, mawaziri wamesimama mbali, ndevu nyeupe, pete ya yakuti kidoleni, na mbele yake sinia la chakula cha mtu mmoja. Msellem akaangukia magoti, kwani adabu ya kasri aliijua japo hakuipenda, akasema:

"Amani iwe juu yako, ewe Maulana, mwenye enzi juu ya bara na bahari. Mimi ni mgeni katika mji wako, na huyu begani mwangu ni mama yangu, aliyenizaa na kunilea kwa tabu. Ametenda kosa kwa kutojua, nami naomba rehema yako."

Sultani akajibu kwa upole mzito, "Na juu yako amani, ewe mgeni. Je, mamako aliambiwa sheria?"

Msellem angeweza kusema hapana. Akasema, "Aliambiwa, Maulana."

"Basi si kutojua."

"Ni mazoea, Maulana. Kwetu mtu akila humwambia kila apitaye karibu, kwa kuwa haandikwi mtu usoni kuwa ana njaa. Aliyeshiba atasema starehe, akaenda. Mwenye njaa atakaa, asione aibu ya kuomba. Neno hilo hubebwa na watu wawili kama machela, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wewe umemwamuru huyu mzee asibebe upande wake, kisha unamhukumu aliyeangusha."

Mawaziri wakashika ndevu. Sultani akasimama, akavuta kitambaa cha hariri kilichofunika tundu la dhahabu kando ya kiti chake, na ndani mkawa na njiwa ninga wa kijani, akalia, "Karibu juu! Baba yupo! Karibu juu!"

"Huyu ni Nargisi, binti yangu wa pekee," akasema Ghalibu. "Alimwona mzee uani, akamwita kutoka dirishani, na alipokuja alimwogopa akafunga dirisha. Sikuipindisha sheria kwa damu yangu, nitaipindisha kwa yako? Nimemlisha Kaimuri karamu za kisultani juu ya karamu, na ninga huyu hanijui. Unadhani sikutamani ashibe?"

"Ulikula naye?"

"Nani?"

"Wewe, Maulana. Hizo karamu, ulikula naye?"

"Mimi?" akasema Sultani, na nyusi zikapanda. "Mfalme hali na mtumwa wake. Toka mbele yangu, kabla sijakasirika."

Akatoka, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Miguu ikamwenda mbio, na jinni nyuma yake, akapita mitaa asiyoijua, soko la vioo ambako alijiona amekuwa watu elfu wote wamekunja uso, na bustani ya chemchemi zinazoimba, na hakuona uzuri wa kitu chochote. Mji alioutamani ulikuwa wote mbele yake, na laiti angekuwa amekaa juu ya zulia la ami asiyesikia, na mamake hai ubavuni anamfinya. Kwenye mlango mmoja akamwona bibi kizee anambembeleza kasuku tunduni, na kasuku hamtazami.

"Mume wangu," akasema yule bibi bila kuulizwa. "Tulimchinjia huyo jinni wako ng'ombe wawili. Alikula mpaka kwato."

"Na nyinyi, bibi, mlikaa wapi alipokuwa anakula?"

"Jikoni! Tumejifungia. Nani akae na hilo?"

Msellem akatulia. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile miguu yake kusimama. Chiriku, ambaye tangu mchana alikuwa amejibana shingoni, alikuwa amesogea mpaka ncha ya bega, na anamtazama kwa jicho moja, kama ndege amtazamavyo mtu.

"Mama," akamwita. Chiriku akaruka, akatua juu ya ukuta. "Kaa utakavyo," akasema, lakini hakumwambia yeye.

Akamfuata, na ndege anaruka ukuta hadi ukuta, mpaka wakarejea kwenye ngazi zile zile za mawe meupe, na kikapu kitupu bado kiko pale. Msellem akajitupa chini. Jinni akaketi ngazi ya chini yake, akanyosha miguu.

"Kiatu kizuri," akasema.

"Najua." Akafuta uso kwa mkono. "Kaimuri, nakuuliza na unijibu wazi. Mchana, ulipokaa kula chakula chetu, ulikaa kwa amri, au ulikuwa na njaa?"

Jinni akatazama bandari, ambako merikebu zilikuwa zikipakua ngamia.

"Sijawahi kuulizwa hilo," akasema hatimaye. "Nina njaa. Nina njaa tangu pete ilipovaliwa. Nalishwa kama shimo linavyofukiwa, anayelisha anatazama ukingoni asije akatumbukia. Chakula cha namna hiyo hakifiki mahali."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wote walikuwa wamesimama."

Na Msellem akaona hasira yake imepotea njia. Akaitafuta, maana alikuwa ameizoea, hakuipata. Angeweza kumchukia jinni, lakini kwao Mkunguni mwenye njaa hachukiwi. Akatia mkono mkobani, chini ya nyundo na sindano, akatoa ule mkate wa mofa aliouficha, umebonyea na umeshika harufu ya ngozi, na yeye mwenyewe tumbo linamlia kwa kuwa tangu asubuhi hakula ila tonge moja. Akautazama. Akamtazama chiriku. Akaumega vipande viwili, na kusema kweli kipande kimoja kilikuwa kikubwa kidogo, akakishika hicho akaanza kula, na cha pili akampa jinni.

"Karibu," akasema, na mdomo umejaa. "Na usile mbio! Mimi pia nina njaa, na hakuna kingine. Panda juu hapa, ukae nami. Huko chini umekaa kama unadaiwa."

Kaimuri akapanda akakaa ubavuni mwake. Wakala. Na Msellem alipoona kipande cha jinni kinakwisha akanung'unika, "Wewe una koo au handaki?" akammegea tena kidogo katika chake. Jinni akacheka na makombo yakamtoka, na Msellem akacheka pia, si kwa kutaka.

Na ukingo wa jua uliponusa maji, Kaimuri akaweka mkono juu ya tumbo, akashangaa, akasema kwa sauti ndogo:

"Alhamdulillahi. Nimeshiba."

Hapo hapo pakasikika juu ya ukuta sauti ya Bi Mwanamkasi: "Msellem! Nani kanipandisha huku? Nishushe, nguo zangu zitachanika!" Akamrukia akamshusha, akamkumbatia mpaka mama akalia kuwa mbavu zinavunjika, na kule kasrini pete ya yakuti ikapasuka kidoleni mwa Sultani kwa mlio uliosikika mpaka sokoni.

Jinni akainuka. Akapita mtaa kwa mtaa, na kutoka kila tundu ndege walipomwita, "Kaa tu, chakula kingi!" "Nyumba ni yako!" yeye alisimama chini ya kila mlango, akaweka mkono kifuani, akajibu kwa adabu kama mtu aliyezaliwa Mkunguni, "Ahsante, starehe, nishakula." Na kila alipojibu, tundu likapasuka na mtu akaanguka chini, anajipangusa, anaita watu wake kwa majina. Yule bibi kizee alikuwa akimpiga mumewe makofi huku anambusu.

Mwisho akafika chini ya dirisha la kasri. "Karibu juu! Baba yupo!" akalia ninga.

"Starehe, binti Sultani," akasema Kaimuri. "Nishakula na watu."

Na Nargisi akasimama mbele ya babake na nywele zimemwagika, akasema, "Baba, mbona umekonda?" Ghalibu bin Dhulfikari, aliyekuwa hajala na mtu tangu usiku ule wa mvua, akaketi chini sakafuni kwenye sinia lake, akasogea pembeni akimpisha, akapiga zulia kwa kiganja mara mbili: kaa hapa.

Basi sheria ikafutwa. Sultani akamwita Msellem, akamvisha joho na kumwuliza hidaya anayotaka, naye akasema anataka kuutembea mji upya, kwa kuwa mara ya kwanza hakuona kitu. Nargisi, aliyekaa tunduni miaka chini ya kitambaa bila kuuona mji, akasema atakwenda naye aonyeshwe na aonyeshe. Wakatembea siku nyingi, na wakagombana kila mtaa kwa sababu naye alikuwa msema kweli, na Bi Mwanamkasi na Bi Salha wakawafuata nyuma kwa ajili ya heshima wakilalamika miguu. Harusi ikafungwa kwa ridhaa yake Nargisi, na karamu ikaandikwa barazani, mapazia yote yameshushwa yakatandikwa chini yakakaliwa, na wakarudi Mkunguni na mali isiyopungua.

Na Kaimuri? Mtu huru huenda atakako. Kulipokucha siku moja Bi Mwanamkasi alikuwa jikoni kwake Mkunguni, akasikia hodi, na mlangoni kumesimama mzee mwenye kubadhi zilizoshonwa vizuri.

"Uliniambia nije, nikae nitakavyo."

Bi Mwanamkasi akafungua mdomo, na neno likafika kwenye ulimi. Akalizuia. Akarudi ndani, akafunua sufuria, akachungulia, akaongeza maji na kiganja cha mchele, akatandika mkeka, akaweka sahani moja ya watu wawili. Ndipo akaenda mlangoni.

"Karibu, baba," akasema.

Akakaa siku mbili. Ya tatu wakampa jembe, kama mgeni yeyote, naye akalipokea kwa furaha akalima shamba lote la mtaa kabla ya adhuhuri, na mpaka leo hajaambiwa aondoke.

Hiyo ndiyo habari ya Marijani kama nilivyoipokea, sikuitia chumvi. Ukimwita mtu, mwite na uketi naye. Na ukiitwa nawe umeshiba, sema umeshiba, umwache mwenzio ale kwa amani.